Kufunika Si Kuficha

Wahenga walituachia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nathubutu kuongeza kidogo: ukishaingia, inua kichwa. Mpangaji anayetafuta chumba hukanyaga sakafu kuona kama imechimbika, hupitisha kiganja ukutani, hufungua bomba kusikiliza kama maji yapo. Dari haitazami. Dari huachiwa mgonjwa aliyelala chali na mtu aliyekosa usingizi. Kwa sababu hiyo hiyo, hapo juu ndipo mahali rahisi kuliko pote kwa fundi kumdanganya mwenye nyumba, na kwa mwenye nyumba kumdanganya mpangaji.

Swali langu ni la maadili, nalo ni hili: je, mtu anayefunika ubaya anasema uongo? Wengi wetu tungejibu ndiyo bila kusita, maana tumelelewa na methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wazee wale wale walitufundisha pia kwamba funika kombe mwanaharamu apite. Methali moja inatukataza, nyingine inatuamuru. Ama wahenga walikuwa wakijipinga wenyewe, ama waliona kitu ambacho sisi tunakipita mbio. Kitu hicho mimi nimekiona darini, na ndugu msomaji naomba unifuate huko taratibu.

Kaka yangu anaishi Marekani na riziki yake ni kukarabati nyumba za zamani. Kazi anayoitiwa mara kwa mara ni kuondoa dari ambazo wenyeji wa huko wamezipa jina la bisi, hizi bisi za mahindi tunazotafuna. Ni dari iliyojaa vinundu vyeupe kama chunusi. Zilianza kupendwa baada ya Vita Kuu ya Pili na zikaenea sana kati ya miaka ya 1950 na 1980. Fundi alichanganya unga wa jipsamu au chokaa na punje nyepesi, pengine za plastiki, pengine za madini yaliyochomwa yakavimba, kisha akaurusha ule uji juu kwa mashine ya upepo. Chumba kizima kilimalizika kwa muda mfupi. Waliozisifia walisema zinameza mwangwi, na ni kweli zinapunguza kelele kidogo. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine, na kila fundi aliijua: zinaficha kazi mbovu.

Hapa nieleze kidogo, maana asiyejua ufundi anaweza kudhani natia chumvi. Dari ya bodi ina maungio. Kila bodi inapokutana na mwenzake pana ufa, na kila msumari una kichwa chake. Ili dari iwe laini, fundi lazima abandike utepe juu ya maungio, apake udongo laini wa jipsamu, asubiri ukauke, apige msasa, apake tena, asubiri tena. Ni kazi ya siku kadhaa, shingo imepinda na mikono iko juu. Nayo huwezi kuidanganya, kwa sababu mwanga wa dirishani huingia kwa ubavu, na mwanga wa ubavu hauna huruma: tuta dogo kama unene wa shilingi linatupa kivuli kirefu. Vinundu vinavunja ule mwanga. Palipo na vivuli elfu moja, nani ataona kimoja cha ufa?

Sasa wajukuu wa walionunua nyumba zile hawazitaki tena. Zinashika vumbi, zinashika utando wa buibui, haziwezi kufutwa. Wengi huamua kuziondoa wenyewe siku za mapumziko. Chumba huhamishwa vitu vyote, umeme hukatwa na taa hushushwa, sakafu na kuta hufunikwa nailoni. Maji hunyunyizwa juu kwa bomba dogo la mkono, hungojewa robo saa hivi, kisha vinundu hukwanguliwa kwa bapa pana lililolazwa, pembe zake zimesuguliwa ili zisichimbe bodi. Vikiwa havijawahi kupakwa rangi vinashuka laini kama ugali uliolowa. Vikiwa vimepakwa, maji hayapenyi, na hapo ndipo watu hujuta.

Lakini kazi haijaisha. Vinundu vikishashuka, chini yake panaonekana yale yaliyofunikwa: utepe uliokunjamana, misumari iliyochomoza, mahali ambapo fundi wa kwanza hakuweka hata tone la udongo. Nilimwuliza kaka anajisikiaje akiyaona hayo. Akanijibu kwa simu:

"Mdogo wangu, naona kama nasoma barua ya mtu aliyekufa. Yule bwana alijua. Alirusha bisi akaondoka zake."

"Kwa hiyo kaka, wewe unaondoa uongo?"

"Hapana bwana. Mimi naondoa uvivu. Halafu nafunika upya."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, maana kaka alikuwa amesema jambo kubwa kuliko alivyokusudia. Ni kweli, dari laini anayoiacha yeye nayo ni kifuniko. Maungio bado yapo, misumari bado ipo, juu yake pana tabaka mbili tatu za udongo na rangi. Basi kama kufunika ni uongo, kaka naye ni mwongo, ila mwongo mwenye bidii. Tena sisi sote ni waongo: lipu ni uongo wa tofali, nguo ni uongo wa mwili, na salamu ya "sijambo" anayoitoa mama mwenye homa ni uongo kuliko yote. Hapo hoja inakuwa ya kipuuzi. Mtu hawezi kuishi bila kufunika. Lazima tofauti iwe mahali pengine.

Wapo watakaosema tofauti iko katika ubora: kifuniko kizuri ni halali, kibaya ni haramu. Nilitaka kulikubali jambo hilo mpaka nilipojua kilichokuwamo ndani ya baadhi ya bisi zile. Kilichokuwamo ni asbesto.

Asbesto ni jiwe linalochambulika kuwa nyuzi. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake kisichozimika. Haliungui, halina bei kubwa, linaimarisha chochote linachochanganywa nacho, na ndiyo maana karne ya ishirini ililipenda. Lakini nyuzi zake ni nyembamba mno. Ukizivuta kwa pumzi hutaziona, hutakohoa, hutajua. Zinabaki mapafuni. Baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, huleta makovu ya mapafu, au saratani ya mapafu, au saratani ya ule utando unaoyazunguka. Si kila anayezivuta huugua, lakini hakuna anayeweza kujua zamu yake.

Wala haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1924 alikufa mwanamke mmoja wa mji wa Rochdale, Uingereza, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Jina lake Nellie Kershaw. Mwaka ule ule daktari William Cooke aliandika habari za mapafu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Mwaka 1931 serikali ya huko ikatunga kanuni za kupunguza vumbi hilo viwandani. Mwaka 1931! Dari za bisi zilikuwa hazijaanza kupendwa. Bado asbesto iliendelea kutiwa katika dari za vyumba vya kulala watoto. Marekani ilipiga marufuku kuirusha kwa ajili ya mapambo mwaka 1978 tu, na kwa kuwa akiba iliyokuwapo iliendelea kutumika, nyumba za hadi miaka ya 1980 bado zinatiliwa shaka. Uingereza nako dari zao za michoro na mawimbi, zijulikanazo kwa jina la Artex, zilikuwa na asbesto nyeupe hadi katikati ya miaka hiyo ya 1980. Marufuku kamili ilikuja huko mwaka 1999.

Sasa angalia jinsi swali letu linavyopinduka. Fikra ya haraka inasema: kama dari ina sumu, ikwangue leo leo! Kumbe ndivyo usivyopaswa kufanya. Dari ya asbesto iliyo nzima, isiyoguswa, haitoi nyuzi za kutisha. Hatari inazaliwa pale inapokwanguliwa kavu, inapopigwa msasa, inapotobolewa, na vumbi lake linapofagiliwa kwa ufagio wa kawaida. Ndiyo maana wanaojua kazi hawaanzi mpaka kipande kidogo kimepimwa maabara. Na majibu yakirudi kwamba asbesto ipo, mara nyingi ushauri ni kuiacha ilivyo, au kuwapa wenye ujuzi na kibali kazi ya kuifunika kwa bodi mpya.

Kuifunika! Yaani hapa kifuniko ndicho wema, na anayebandua kwa hasira ya kutafuta ukweli ndiye anayewavutisha sumu watoto wake. Vijana wenzangu, sisi tunaopenda kusema "mimi nasema kweli tupu, sijali nani anaumia," tulitafakari hilo. Kuna ukweli ambao ukikwanguliwa kavu unaruka hewani na kuwaingia watu wasiohusika.

Basi tofauti iko wapi kati ya bodi inayofunika asbesto na bisi zilizofunika kazi mbovu? Naamini Kiswahili chenyewe kinajua. Mwambie mtu, "Nimefunika." Atakuuliza, "Umefunika nini?" Sasa mwambie, "Nimeficha." Swali lake litabadilika: "Umemficha nani?" Kufunika kunataka kitu na kifuniko chake, chungu hufunikwa chakula kisiingie nzi, na hakuna anayeibiwa. Kuficha kunadai mtu. Daima kuna fulani upande wa pili, anayestahili kujua na hajui. Ubaya hauko kwenye kifuniko, uko kati yangu na huyo fulani.

Ukiichukua tofauti hiyo, zile methali mbili zinapatana. Kombe linafunikwa ili apite mwanaharamu, mtu mwenye nia mbaya, asiyehusika na kilichomo. Hawakusema funika kombe ili mgeni anywe asichokijua.

Na katika nyumba, huyo fulani ni nani? Si mwenye nyumba wa leo peke yake. Ni mtu atakayekuja na keekee ya umeme kutoboa tundu la feni. Ni mpangaji atakayepigilia msumari wa chandarua. Ni fundi ambaye bado yuko darasa la tatu. Kifuniko kinaishi kuliko aliyekiweka, kwa hiyo deni la kusema nalo linaishi kuliko yeye.

Waingereza wameligeuza deni hilo kuwa sheria. Tangu mwaka 2004, anayesimamia ofisi, shule, hospitali au jengo kama hayo anawajibika kutafuta kama asbesto imo, kuandika iko wapi na iko katika hali gani, na kumwambia yeyote ambaye kazi yake inaweza kuigusa. Sheria haimlazimishi kuing'oa iliyo nzima. Inamruhusu aifunike, ila haimruhusu amfiche mwenye keekee. Nakiri niliposoma hilo nilishangaa kuona falsafa nzima imo katika daftari la msimamizi wa jengo.

Lakini sheria hiyo ina mpaka: haiingii chumbani kwa mtu. Nyumba binafsi, ile inayokwanguliwa siku ya Jumamosi na baba mwenye ngazi na ndoo, haimo. Hapo inabaki dhamira tu. Na dhamira ina adui mkubwa, nao ni muda. Kama vumbi la leo lingeua kesho, nani angenyamaza? Linaua baada ya miaka thelathini, wakati nyumba imeuzwa mara nne na hakuna wa kumnyooshea kidole. Mimi nasema hapo ndipo uadilifu unapopimwa, pale ambapo ubaya wako hautakurudia.

Msije mkadhani haya ni ya Wazungu na bisi zao. Huku kwetu dari za vinundu si nyingi, lakini asbesto tuliletewa kwa njia ya mapaa na mabomba. Zipo shule na nyumba za zamani ambazo paa zake za kijivu zenye mawimbi ni saruji iliyochanganywa na nyuzi hizo. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini marufuku haishushi paa lililokwisha kuezekwa. Lazima mtu apande alishushe. Mtu huyo ni nani?

Mimi namjua, maana nimefanya kazi hiyo. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikuwa saidia fundi, kama vijana wengi wa mjini. Tuliwahi kubomoa dari na paa la nyumba moja ya zamani. Tulivunja kwa nyundo, tukatupa chini, tukafagia, vumbi likawa jeupe kama ukungu wa asubuhi. Nilimwuliza fundi haya ni makitu gani.

"Bwana mdogo," akasema, "vumbi ni vumbi. Funga kitambaa, piga kazi."

Simlaumu fundi, naye alikuwa akilivuta lile lile. Lakini aliyetuajiri alikuwa na nyumba ile kwa miaka mingi, naye siku ile alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, leso puani. Hakutukataza, hakutuambia kitu. Tangu hapo nikiisikia sentensi "mbona hakuna aliyeuliza?" damu inanichemka. Mimi niliuliza. Aliyestahili kujibu alikuwa ng'ambo ya barabara.

Nijibu pingamizi moja lenye nguvu, maana nisipolijibu msomaji makini atanishika. Atasema: "Ukiwaambia watu kuna sumu darini, watatishika, na mtu aliyetishika ndiye atakayepanda ngazi usiku kuikwangua. Kimya chako kingemwokoa." Ni kweli, hofu inaweza kuleta madhara kuliko dari yenyewe. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya kusema nusu. Anayesema "kuna sumu" akaondoka amerusha vumbi tu. Anayesema kikamilifu atasema: ipo, iko hapa, ni nzima, usiitoboe, usiipige msasa, ikipasuka waite wenye vifaa. Hayo yote ni maneno ya dakika moja. Anayedai kwamba watu hawawezi kuyaelewa, mara nyingi anaogopa kwamba watayaelewa, na kodi ya nyumba itashuka.

Nasi tunaoshika kalamu tujitazame. Zipo hadithi za bisi. Mwandishi anafika mahali visa havikuungana, badala ya kupaka udongo na kupiga msasa anarusha maneno: jua likitua kwa haya, machozi yakitiririka kama maporomoko, mara methali tatu kwa mkupuo. Msomaji haoni ufa kwa wingi wa vivuli. Mimi sipingi pambo. Kila hadithi imefunikwa, na mtunzi hana deni la kutuonyesha misumari yake yote. Ila pambo likiwekwa hasa ili msomaji asijue kwamba mtunzi mwenyewe hakujua kwa nini mhusika wake aliua, hapo amefichwa. Mswada wa namna hiyo dawa yake ni ile ile ya kaka: lowesha, kwangua, usishtuke na utakayoyaona, kisha anza upya ukiwa umeweka taa ubavuni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kufunika ubaya si uongo. Unakuwa uongo pale kifuniko kinapowekwa dhidi ya mtu ambaye mwili wake, fedha zake au imani yake vitaingia humo bila yeye kujua. Na deni letu la kweli si kubandua kila kitu hadharani. Ni kumtafuta huyo mmoja mwenye keekee na kumwambia kabla hajatoboa. Mwenye nyumba asiye na sheria ya kumlazimisha anaweza kufanya jambo dogo sana: achukue kalamu ya risasi, afungue mlango wa boksi la mita ya umeme, aandike kwa ndani juu ya dari kuna nini na iliwekwa mwaka gani. Haigharimu hata shilingi mia.

Najua wapo watakaoniona nimekuza mambo, kwamba kijana wa kidato cha nne ameacha mapenzi na siasa akaenda kufalsafia dari. Na wapo watakaosema mwenye mali ana haki ya siri zake ndani ya kuta zake. Huyo wa pili ndiye ninayemtaka hasa. Na aandike, kurasa hizi ni zetu sote, aniambie haki hiyo inaishia wapi: kwenye dari yake, au kwenye mapafu ya saidia fundi?